Bafu dogo, mfuko mdogo: Kausha kwanza, pamba baadaye

Tanga. Sikukuu inapokaribia, akina mama wengi huanza kuitazama nyumba kwa jicho la mgeni. Sebule ina afadhali. Jikoni panavumilika. Bafuni ndipo roho inaposita, maana mgeni atakayekaa zaidi ya saa mbili lazima atapaulizia.

Ndipo vinaponunuliwa vibandiko vya ukutani vyenye sura ya marumaru. Unamenya karatasi ya nyuma, unabandika, na kabla ya adhuhuri bafu lililokuwa limefubaa linang'aa kama la hotelini. Picha inapigwa, inatumwa kwenye kundi la familia, pongezi zinamiminika.

Kwa nyumba za Raskazone furaha hiyo mara nyingi haivuki masika. Mvua zikianza, pembe ya kibandiko cha kwanza inanyanyuka. Wiki inayofuata vitatu vinaning'inia, na nyuma yake ukuta una madoa meusi na harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Pesa imekwenda, na bafu limekuwa baya kuliko lilivyokuwa.

Kibandiko hakina kosa. Tatizo ni kwamba kilibandikwa juu ya ukuta uliolowa. Kwa mzazi mwenye fedha kidogo, siri ya bafu zuri la pwani ni mpangilio wa kazi: kwanza maji yapate pa kwenda, pili hewa ipate pa kupita, halafu ndipo rangi na mapambo. Mpangilio huo huo ndio unaomlinda mtoto mwenye pumu, bibi anayeamka usiku na mtoto mchanga anayeanza kutambaa.

Kwa nini Raskazone?

Raskazone ni rasi, ardhi iliyojitokeza baharini mashariki mwa mji wa Tanga. Ukitoka mjini kwa barabara ya pwani ukaipita Hospitali ya Bombo, unaanza kuihisi chumvi hewani. Iwe kusi iwe kaskazi, upepo unatoka baharini, na unachokibeba unakiacha kwenye mabati, bawaba, nondo za madirisha na koki.

Nyumba nyingi za huku ni za zamani, nyingine za enzi ya Wajerumani na Waingereza, zenye viwanja vipana na mabanda ya uani. Baadhi ya mabanda hayo, yaliyojengwa kwa ajili ya watumishi, leo ni makazi ya familia nzima. Bafu lililokusudiwa mtu mmoja linatumiwa na watano au zaidi.

Asubuhi ya siku ya shule utasikia mlangoni, "Dada, toka basi, gari litaniacha!" Wa kwanza hajamaliza, wa pili ameshika taulo, wa tatu analia sabuni imeingia machoni. Bafu halipati hata nusu saa ya kukauka mpaka saa tatu asubuhi.

Kuna pia chumvi iliyomo ndani ya ukuta wenyewe. Pale plasta ilipochanganywa na mchanga wa pwani usiooshwa, au unyevu unapopanda kutoka ardhini, chumvi hutoka juu ya ukuta kama unga mweupe na kuisukuma rangi mpaka inabambuka. Wengi huudhani ni vumbi, wakaufuta kwa kitambaa kibichi. Maji huyeyusha ile chumvi ikarudi ndani, na baada ya wiki mbili iko pale pale. Unga huo unaondolewa kwa brashi kavu, ukazolewa na kutupwa.

Kwanza, yatafute maji yanakotoka

Kabla ya kununua chochote, fanya kipimo kisicho na gharama. Kata kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kisha ukiache siku mbili.

Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wa chumba, tatizo ni mvuke wa kuogea unaokosa pa kutokea. Dawa yake ni hewa. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta: bomba linavuja, paa linapitisha, au unyevu unapanda kutoka chini. Hapo usiguse kopo la rangi mpaka chanzo kipatikane.

Kipimo cha pili ni mita ya maji. Usiku, kila mtu akishalala, funga koki zote na uandike namba ya mita. Alfajiri, kabla ya yeyote kuchota, itazame tena. Ikiwa imesogea na tangi halikuwa likijaza, kuna mahali panavuja, na kila mwezi unalipia maji yanayooza ukuta wako.

Wenye choo cha kuflashi wadondoshee rangi ya chakula kwenye tangi lake dogo na wasubiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana chini kwenye sinki la choo, mpira wa ndani umechoka. Kuubadilisha ni miongoni mwa matengenezo ya bei ndogo kabisa bafuni.

Halafu mwaga ndoo moja ya maji sakafuni na utazame. Maji yote yanatakiwa kwenda kwenye tundu la kutolea. Yakibaki madimbwi, sakafu haina mteremko. Fundi mzuri huweka mteremko wa kama sentimita mbili kwa kila mita moja kuelekea kwenye tundu. Kurekebisha sehemu hiyo kwa saruji ni kazi ya siku moja, na Tanga saruji haitoki mbali.

Ukungu si doa tu

Madoa meusi kwenye pembe za dari na nyuma ya mlango ni ukungu, viumbe hai vinavyoota palipo na unyevu na kurusha hewani chembe ndogo zisizoonekana kwa macho.

Mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba. Mwongozo huo unaeleza kuwa wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu wako katika hatari zaidi ya kupata dalili za njia ya hewa, maambukizi ya mfumo wa hewa na kuzidiwa na pumu. WHO haikuweka kiwango cha ukungu kinachoweza kuitwa salama. Ushauri wake ni kuuzuia unyevu wenyewe.

Ndiyo maana kupaka rangi juu ya ukungu ni kujidanganya. Rangi itauficha kwa muda, kisha utatokeza tena. Usugue kwanza kwa brashi, maji na sabuni, suuza, na uache ukuta ukauke kabisa. Anayesugua afunike pua na mdomo kwa barakoa, avae glavu na aache mlango wazi. Mtoto mwenye pumu asiwepo karibu siku hiyo. Usikwangue ukungu mkavu, maana hapo ndipo chembe zinaporuka kwa wingi.

Hewa na mwanga

Bafu nyingi ndogo zina kidirisha kimoja cha juu, na mara nyingi kimezibwa: kwa boksi, kwa sababu ya faragha, au kwa kandambili kuukuu, kwa sababu ya mjusi. Kukizibua ni urembo wa kwanza, na hakuna unachonunua isipokuwa kipande cha wavu wa mbu.

Faragha hupatikana kwa njia nyingine. Kioo cha dirisha kinaweza kupakwa rangi nyeupe nyembamba inayopitisha mwanga bila kuonyesha mtu. Kama ukuta unatazama nje na mwenye nyumba ameridhia, matofali mawili au matatu ya matundu karibu na dari hutoa mvuke usiku na mchana bila kula umeme. Mvuke hupanda juu, kwa hiyo tundu la chini halitoshi.

Kinachosaidia kuliko vyote ni mazoea. Anayeoga mwisho asukume maji sakafuni kwa mpira wa kukaushia na kuacha mlango nusu wazi. Mpe mtoto wa miaka tisa kazi hiyo na umwambie yeye ndiye bosi wa bafu. Ataifanya kwa bidii kuliko watu wazima.

Kwa mwanga, kioo kimoja kilichowekwa mkabala na dirisha hulifanya bafu lionekane pana. Taa iwe na kifuniko kisichopitisha maji, na swichi ikae nje ya mlango. Bomba la mvua lenye hita ya umeme lifungwe na fundi umeme anayetambulika, pamoja na waya wa ardhi. Hapo si mahali pa kubana matumizi.

Ukuta: chokaa bado ina kazi

Watu wa Tanga wanaishi juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni, kaskazini mwa mji, yalichongwa na maji ndani ya mawe hayo hayo, na ndiyo sababu mkoa una viwanda vya saruji na chokaa. Hata hivyo, wengi wetu tunaiona chokaa kama kitu cha kupaka mashina ya miti na kando za barabara.

Kwa ukuta wa bafu la pwani, chokaa ina sifa ambayo rangi ya mafuta haina: inapumua. Unyevu ulio ukutani unaweza kutoka taratibu, badala ya kufungiwa na kuibambua rangi. Ukali wake wa asili pia unaufanya ukuta usiwe mahali pazuri pa ukungu kuota. Ikikauka, inavuta hewa ya kaboni kutoka angani na kugeuka tena kuwa jiwe.

Inataka subira. Chokaa iliyokwisha kuzimwa inalowekwa kwenye maji baridi usiku kucha, inachujwa kwa kitambaa, kisha inapakwa ikiwa nyepesi kama maziwa. Ukuta unyunyiziwe maji kidogo kwanza. Paka mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukisubiri siku moja. Mkono mmoja mzito utapasuka na kuacha unga kwenye nguo. Wako wanaoongeza chumvi ya mezani. Kwa Raskazone si busara, kwa sababu chumvi huvuta unyevu, na iliyopo inatosha.

Tahadhari: chokaa inaunguza macho. Mpakaji avae miwani na glavu, na watoto wakae mbali mpaka ikauke. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha wahi hospitali. Wala usinunue chokaa ambayo haijazimwa. Ikikutana na maji inachemka.

Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Kama ukuta wako ulishapakwa rangi hiyo na ni mkavu, tumia rangi inayofulika. Hesabu yake si ngumu. Bafu la mita 1.5 kwa 2, lenye kimo cha mita 2.5, lina kuta za mita za mraba 17.5. Ukitoa mlango na dirisha, zinabaki kama 15. Lita moja ya rangi hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili, kopo la lita 4 linatosha na kubaki. Fundi akikuandikia ndoo ya lita 20, muulize anapaka bafu la nani jingine.

Chagua nyeupe, rangi ya maziwa au ya mchanga kwa kuta zote, kisha ukanda mmoja wa bluu au kijani wa upana wa kiganja, usawa wa kifua. Ukanda huo unapigwa kwa selotepu na kopo dogo kabisa, na unalipa bafu sura kuliko rangi nne zinazogombana.

Nyumba za zamani: usikwangue kiholela

Hapa wazazi wa Raskazone wasome mara mbili. Rangi za zamani, hasa za mafuta, duniani kote ziliwekwa madini ya risasi. Nyumba ya miaka mingi inaweza kuwa na tabaka kadhaa za rangi, na ya chini huenda ikawa na risasi.

Risasi inadhuru ubongo wa mtoto, na WHO inasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huipata kwa kumeza vumbi lililoshika vidoleni au kwa kutafuna vipande vinavyobambuka.

Kwa hiyo, usipige msasa mkavu ukuta wa zamani, na usichome rangi kwa moto. Lowesha ukuta kwa maji ya kunyunyizia, kwangua pale tu panapobambuka, tandika nailoni chini, kusanya kila kipande, na upige deki mara mbili. Watoto na mama mjamzito wasiwepo wakati wa kazi. Aliyekwangua abadili nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Ukinunua rangi mpya, chagua kopo lenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na maelezo kuwa haina risasi.

Vigae pale maji yanapopiga tu

Ndoto ya wengi ni bafu lililofunikwa vigae kutoka chini hadi juu. Bafu dogo halihitaji hivyo. Kwa anayeoga kwa ndoo na kopo, maji hupiga pembe moja. Pembe ya jumla ya mita 2.5 kwa upana na mita 1.5 kwa kimo ni chini ya mita 4 za mraba. Ukiongeza kidogo kwa vitakavyovunjika, unanunua kama robo ya vigae ambavyo kuta zote zingehitaji, na unalipa fundi kwa robo hiyo.

Ulizia mabaki dukani. Vigae vya maboksi yaliyobaki moja moja huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu havitoshi sebule ya mtu. Vinatosha pembe yako. Vipande vilivyovunjika navyo hupangwa sakafuni kama mkeka wa viraka, na kwa kuwa vina mistari mingi ya saruji katikati, mguu unashika vizuri. Hakikisha fundi amesaga kingo kali.

Sakafuni usichague kigae kinachong'aa. Kile kinachovutia dukani, kikipata maji ya sabuni, ni barafu, na kwa mzee kuanguka bafuni kunaweza kumaanisha nyonga kuvunjika na miezi ya kulala kitandani. Sakafu ya niru nayo huteleza ikilowa. Kama unaimwaga upya, mwambie fundi apitishe fagio juu yake kabla haijakauka ili iwe na mikwaruzo.

Karibu na choo weka kishikio cha chuma kisichoshika kutu, kilichofungwa kwa bolti ndani ya ukuta. Fimbo ya kutundikia taulo haimwokoi bibi. Ikimwona anaanguka, inaanguka naye.

Wazee wa pwani walishalijua hili

Bafu dogo lenye urembo si jambo la kuigwa kutoka ng'ambo. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, bafu la ndani lilikuwa chumba chembamba chenye plasta nyeupe ya chokaa, vidaka vilivyochongwa ukutani na birika la maji lililojengwa pembeni.

Ndani ya birika, chini kabisa, baadhi yao walipachika bakuli la kaure. Lilikuwa pambo, na lilikuwa na kazi. Katika maji hayo waliishi samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, na birika lilipokwisha maji, samaki walibaki hai kwenye bakuli. Waungwana wale hawakutenganisha uzuri na afya.

Leo birika letu ni jaba la plastiki, ndoo tatu na dumu. Mbu hawajabadilika. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga kwenye maji yaliyotulia majumbani na huuma mchana. Tanga ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa na mlipuko wa dengi wa mwaka 2019. Mayai yake hugandana na ukuta wa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Sugua ndani ya jaba kwa brashi mara moja kwa wiki, kisha lifunike vizuri.

Kifuniko kina kazi ya pili, nzito kuliko ya kwanza. Mtoto anayejifunza kusimama ana kichwa kizito kuliko miguu. Akiinama kwenye ndoo, hawezi kujitoa, na maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha, bila kelele. Ndoo isiyotumika ilazwe kifudifudi. Jaba lifungwe kwa kifuniko kinachokaza. Mlango wa bafu uwekewe komeo la nje, juu, asipofika mtoto.

Sasa tupambe

Ukuta ukishakauka na ndoo zikishafunikwa, mapambo yanahitaji pesa kidogo sana.

Chukua kikapu cha ukindu kwa ajili ya sabuni na taulo za watoto. Kining'inizwe, kisikae sakafuni. Kamba ya mkonge, zao lililoipa Tanga jina lake duniani, inapendeza ikizungushwa kwenye fremu ya kioo kuukuu au ikishikilia rafu ya ubao. Zulia la mkonge liweke nje ya mlango, lisilowe. Ndani tumia mkeka wa mpira unaoweza kuanikwa juani.

Dodoki lililokauka vizuri ni pambo na ni kifaa. Kila mtu awe na lake, litundikwe hewani baada ya kuoga. Chungu kimoja cha mshubiri dirishani kinatosha kuleta kijani. Uotee kwenye udongo, na kisahani cha chini kisituamishe maji.

Pazia la bafu liwe jepesi, linalofulika kila wiki mbili. Kandambili ziwe jozi mbili za bafuni tu, kubwa na ndogo. Kopo la kuchambia liwe na kidaka chake, mbali na miswaki. Katika nyumba nyingi za pwani, maandishi yenye jina la Mungu hayawekwi chooni. Anayenunua picha za ukutani azisome kwanza.

Na sabuni iwepo wakati wote. Kampeni ya kitaifa ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwaka 2017, ilisisitiza choo chenye sakafu inayosafishika, paa, mlango na mahali pa kunawa kwa maji na sabuni. Kama choo kiko uani na bomba liko mbali, kibuyu chirizi kando ya mlango kinamaliza kazi.

Ukiwa mpangaji

Wapangaji wengi huogopa kuweka shilingi kwenye nyumba ya mtu, na wana haki. Gawanya mambo mawili. Yale ya ndani ya ukuta, yaani uvujaji, mteremko na paa, ni ya mwenye nyumba. Mwendee kwa heshima na picha za simu, na mkikubaliana utengeneze wewe na ukatwe kwenye kodi, yaandikwe na kusainiwa kabla fundi hajaanza.

Yale yanayobebeka, kama kioo, kikapu, mkeka wa mpira, kishubaka cha plastiki na jaba lenye kifuniko, ni yako na utahama nayo. Bafu likiwa la kushirikiana na wapangaji wengine, zamu ya usafi iliyoandikwa mlangoni husaidia kuliko kibandiko chochote.

Usichanganye dawa

Kazi ikiisha, wengi humalizia kwa kusugua vigae kwa asidi ili saruji iliyoganda itoke. Asidi ikichanganyika na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo ndani ya bafu dogo inaweza kukuua. Tumia kimoja, suuza kabisa, na siku nyingine ndipo utumie kingine. Kamwe usihifadhi asidi au jiki kwenye chupa ya soda au maji ya kunywa. Mtoto hasomi, anaitambua chupa.

Pesa igawanywe vipi?

Kipimo rahisi ni mafungu kumi. Matano yaende kwenye maji: uvujaji, mteremko, saruji, vigae vya pembe moja. Matatu yaende kwenye hewa, mwanga na rangi au chokaa. Mawili ndiyo ya mapambo. Kama fedha haijatimia, anza na matano ya kwanza na usubiri mwezi ujao. Bafu jeupe tupu lililokauka linapendeza kuliko bafu la marumaru ya karatasi linalonuka.

Na kama huna kitu kabisa mwezi huu, kuna kazi tatu zisizohitaji pesa: zibua kidirisha, laza ndoo kifudifudi, na bandika ile nailoni ukutani. Jumatatu asubuhi, watoto wakishakwenda shule, utajua maji yanatoka upande gani.